Kuondoa na kurudisha vyakula: tathmini ya huduma ya lishe kwa wanaosumbuliwa na tumbo na mzio

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kutafuta vyakula vinavyomdhuru mtu kwa kuviondoa kwenye mlo kwa muda maalumu na kisha kuvirudisha kimoja baada ya kingine, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe. Niliipata katika kliniki moja binafsi jijini Dar es Salaam, baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu na tumbo kujaa gesi, kuharisha kusikotabirika na, mara chache, vipele vya kuwasha mikononi. Kliniki yenyewe siitaji, kwa sababu ninachotaka msomaji akipime ni utaratibu, na utaratibu huu unaweza kutolewa vizuri au vibaya mahali popote. Hukumu yangu naitoa mapema: ni huduma inayostahili fedha zake iwapo tu sehemu ya kurudisha vyakula inafanywa kwa ukamilifu. Mtaalamu anayeondoa vyakula na kuishia hapo amempa mgonjwa nusu ya kipimo kwa bei ya kipimo kizima.

Kikao cha kwanza kilinishangaza kwa sababu hakuna chakula kilichoondolewa siku hiyo. Mtaalamu aliuliza kwanza kama nimewahi kuvimba midomo au ulimi, kubanwa na pumzi, au kuzimia baada ya kula kitu fulani, na akaeleza wazi kwamba jibu la ndiyo lingesimamisha shughuli nzima na kunipeleka kwa daktari. Sababu yake ni kwamba mzio wa chakula na hali ya mwili kutovumilia chakula ni mambo mawili yanayofanana kwa nje tu. Katika mzio wa kawaida, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini ya chakula, na hata kipande kidogo cha karanga au kamba kinaweza kuleta madhara ndani ya dakika chache, mengine ya kuua. Asiyevumilia chakula, kwa upande mwingine, mara nyingi ana tatizo la umeng'enyaji: kiasi kidogo hakimsumbui, kiasi kikubwa kinamtesa, lakini hakimuui. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kumwambia mtu mwenye mzio wa kweli aende nyumbani akajaribu kula karanga taratibu, na hilo ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Jambo la pili alilolifanya, na ambalo kwangu lilitosha kuonyesha kwamba anaijua kazi yake, ni kukataa kuniondolea ngano kabla ya kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki. Ugonjwa huo huharibu utumbo mwembamba pale mtu mwenye maumbile ya kuupata anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, na kipimo chake hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali inaliwa. Mtu akiacha mkate na chapati wiki kadhaa kisha akaenda kupima, majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao, na itambidi arudie kula ngano huku akiteseka ili apimwe upya. Watu wengi niliozungumza nao walianza kuacha ngano kwa ushauri wa rafiki, na hakuna aliyekuwa ameambiwa jambo hili. Mtaalamu alitaka pia majibu ya kipimo cha choo, kwa kuwa katika mazingira yetu minyoo, amiba na giardia huweza kuleta dalili zile zile za gesi na kuharisha, na ni upotevu kumnyima mtu maziwa kwa mwezi mzima wakati anachohitaji ni dawa ya vimelea.

Njia yenyewe si ngeni. Daktari Albert Rowe wa Oakland, California, aliieleza miaka ya 1920, na tangu hapo imebadilishwa kwa namna nyingi kulingana na ugonjwa unaotafutwa. Kwa uvimbe wa umio unaosababishwa na aina fulani ya seli za kinga, kwa mfano, huondolewa makundi sita ya vyakula: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga pamoja na kokwa nyingine, na samaki pamoja na kamba na jamii yao. Kwa tumbo linalojaa na kuharisha bila kidonda wala uvimbe, njia inayotumika sana ni ile iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ambayo hupunguza sukari fupi zinazochachushwa na bakteria kwenye utumbo mpana. Mimi nilipewa hii ya pili. Jaribio la watafiti wa Monash lililochapishwa mwaka 2014 liliwalisha wagonjwa 30 mlo huo na mlo wa kawaida wa Australia kwa siku 21 kila mmoja, na dalili zilipungua walipokuwa kwenye mlo uliopunguzwa sukari hizo. Idadi ni ndogo, lakini chakula chao kiliandaliwa na watafiti wenyewe, jambo ambalo ni nadra katika tafiti za lishe.

Orodha ya vilivyoondolewa ilikuwa nyepesi kwenye karatasi na nzito jikoni. Maziwa, ngano, kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, mbaazi, korosho, embe, tikiti maji na asali vilitoka. Vilivyobaki havikuwa haba: wali, ugali, viazi mviringo, mayai, kuku, samaki, mchicha, karoti, biringanya, machungwa, karanga kwa kiasi na mafuta. Kwa mtu wa Pwani mwiko mkubwa si ngano. Vitumbua vya mchele vipo, na mkate wa kumimina nao ni wa mchele. Mwiko mkubwa ni kitunguu. Hakuna mchuzi, pilau, mchemsho wala rosti inayoanza bila kitunguu kwenye mafuta, na kwa hiyo kula kwa mama lishe wakati wa awamu hii hakuwezekani, hata kama mtu ataagiza wali mtupu na samaki wa kukaanga, kwa sababu samaki naye amelazwa kwenye kitunguu saumu na ndimu tangu asubuhi.

Hapa mtaalamu alinipa maarifa ambayo nayatumia hadi leo. Sukari iliyomo kwenye kitunguu na kitunguu saumu, iitwayo fruktani, huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Ukikaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta mpaka zianze kugeuka rangi, kisha ukazitoa zote kabla ya kuweka nyanya au kitu chochote chenye maji, harufu na ladha hubaki kwenye mafuta na fruktani hutoka na punje. Mafuta hayo hutumika papo hapo. Hayawekwi kabatini siku kadhaa, kwa sababu kitunguu saumu ndani ya mafuta kwenye joto la kawaida kinaweza kuzalisha sumu ya botulini. Sehemu ya kijani ya majani ya kitunguu nayo inaruhusiwa. Kwa mbinu hizi mbili, pamoja na binzari nyembamba, giligilani na tangawizi, mchuzi wa samaki wa nazi ulipikika nyumbani kwetu bila mtu yeyote mezani kulalamika.

Vyakula vya pakiti ndivyo vilivyohitaji macho makali. Nilisimama dukani nikisoma pakiti ya viungo vya mchuzi ambavyo nilidhani ni binzari tupu, nikakuta unga wa ngano umeandikwa wa pili na kitunguu cha unga wa nne. Soseji nyingi zina ngano au soya. Unga wa lishe, ambao familia nyingi huwapikia watoto uji kwa imani kwamba ni salama kuliko vyote, mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga na wakati mwingine ngano, yaani ndani ya kikombe kimoja kuna vyakula vitatu vilivyomo katika orodha ya vyakula vinavyoongoza kwa mzio duniani. Ule unaosagwa mtaani na kuuzwa kwenye mfuko usio na maandishi hauwezi kuingia katika mlo wa aina hii hata kidogo, kwa sababu hakuna anayejua kinu kilisaga nini kabla yake. Mtaalamu alishauri kusaga nafaka moja moja nyumbani, au kununua unga wa aina moja, na ushauri huo ulikuwa sahihi.

Awamu ya kuondoa huchukua kwa kawaida wiki mbili hadi sita. Ikiwa mwisho wa muda huo dalili hazijapungua hata kidogo, mlo huo haujafaa na mtu hurudi kula kama zamani huku akitafuta chanzo kingine. Kuendelea kuondoa vyakula zaidi na zaidi kwa matumaini si tiba. Kwangu tumbo lilitulia, lakini vipele havikubadilika, na mtaalamu akasema bila kusita kwamba vipele hivyo si vya chakula. Daktari wa ngozi alithibitisha baadaye kuwa chanzo ni sabuni ya kufulia. Nataja hili kwa sababu sehemu kubwa ya thamani ya huduma iko hapo: kuambiwa kwa ushahidi kwamba chakula hakina hatia.

Kisha ikaja awamu ya kurudisha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo huduma mbaya hujulikana. Zile sukari fupi ziko za makundi kadhaa, na kila kundi hujaribiwa peke yake, kwa chakula kinachobeba kundi hilo tu, kwa siku tatu mfululizo huku kiasi kikiongezwa, na mlo wote uliobaki ukiendelea kuwa ule wa awamu ya kwanza. Baadaye siku mbili tatu hupita bila jaribio ili tumbo litulie. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, wenye safu za saa, chakula, kiasi kwa kipimo cha kikombe au kijiko, dalili kwa alama kutoka sifuri hadi kumi, choo, usingizi, na kwa wanawake siku za hedhi. Safu ya usingizi nilidhani haina kazi mpaka mtaalamu aliponionyesha kwamba maumivu ya siku moja niliyoyahusisha na tikiti yalitanguliwa na usiku wa kukesha msibani, akaagiza jaribio la tikiti lirudiwe.

Maziwa yalijaribiwa kwanza. Nusu kikombe hakikuleta kitu, kikombe kimoja kilileta gesi kidogo, na zaidi ya hapo tumbo liliunguruma kama zamani. Mtindi haukunisumbua kwa kiasi chochote cha kawaida, kwa sababu bakteria wanaouchachusha hula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kuendelea kusaidia umeng'enyaji tumboni. Matokeo haya yanalingana na yanayojulikana: watu wengi wasiomeng'enya laktosi huvumilia takriban gramu 12 kwa mkupuo, kiasi kilichomo kwenye kikombe kimoja cha maziwa, hasa yakinywewa pamoja na chakula. Kwa watu wazima wengi duniani kupungua kwa kimeng'enya cha laktesi baada ya utoto ni hali ya kawaida ya maumbile. Walio tofauti ni wale ambao mababu zao waliishi kwa maziwa. Utafiti ulioongozwa na mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wafugaji wa Afrika Mashariki kumeng'enya maziwa ukubwani yalizuka yenyewe, mbali na yale ya Ulaya. Kwa hiyo ushauri wa jumla wa kuacha maziwa, au wa kunywa maziwa, hauna maana katika nchi ambayo kwenye meza moja wanaweza kukaa watu wenye historia tofauti kabisa za ng'ombe.

Ngano ilifuata, na hapa kipimo kilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Chapati moja haikuleta shida, lakini tatu zilileta. Mtu angekimbilia kusema ni gluteni. Hata hivyo kitunguu maji, ambacho hakina gluteni hata chembe, kilileta dalili zile zile kwa ukali mkubwa zaidi, na kitunguu saumu vilevile. Kinachounganisha vyakula hivi ni fruktani. Watafiti wa Monash walichapisha mwaka 2013 jaribio la watu 37 walioamini kwamba gluteni inawadhuru ingawa hawakuwa na siliaki. Walipowekwa kwanza kwenye mlo wenye sukari hizi kidogo, dalili zao zilipungua, na kurudishiwa gluteni yenyewe hakukuonyesha madhara ya pekee. Kwa maisha yangu tofauti hii ni kubwa: sihitaji kukwepa kila kitu chenye ngano wala kununua mkate ghali usio na gluteni, ninahitaji kupunguza kitunguu na kutofululiza chapati. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa maji mapya, navumilia bakuli dogo. Embe na asali hazikuwa na kosa lolote, na zilirudi mezani mara moja.

Fikiria sasa mtu aliyeishia awamu ya kwanza. Angekuwa bado hali maziwa, mtindi, ngano, maharage, maembe wala asali, akiamini vyote vinamdhuru, wakati kwa hakika tatizo lake ni kiasi cha vitu vichache. Hali hiyo ina madhara: kalsiamu hupungua, nyuzinyuzi hupungua, na bakteria wema wa utumbo hukosa chakula chao. Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto anayekua akinyimwa maziwa, mayai na samaki bila mpango wa mbadala anaweza kudumaa, na imeripotiwa kwamba baadhi ya watoto wenye pumu ya ngozi walioondolewa chakula walichokuwa wakikila bila tatizo la ghafla walipata mzio mkali kiliporudishwa. Isitoshe, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015 likihusisha watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa lilionyesha kuwa kuwapa karanga mapema, kwa namna inayofaa umri wao, kulipunguza sana mzio wa karanga walipofika miaka mitano. Kumnyima mtoto chakula kwa tahadhari tu kunaweza, basi, kuleta kile kile kinachoogopwa. Mzazi asianze jambo hili peke yake.

Kwa anayeshukiwa kuwa na mzio wa kweli, kurudisha chakula hufanyika hospitalini, penye daktari, oksijeni na sindano ya adrenalini, kwa vipimo vidogo vinavyopandishwa taratibu. Kipimo cha kuchoma ngozi au cha damu cha IgE husaidia kuelekeza, lakini wapo wengi ambao ngozi yao huvimba kwa kipimo na bado hula chakula hicho bila shida. Kliniki niliyoitumia haifanyi majaribio ya namna hiyo na ilisema hivyo tangu mwanzo, jambo ninaloliheshimu.

Siwezi kuacha kulinganisha huduma hii na ile inayotangazwa sana siku hizi, ya kupima damu mara moja na kupewa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha kwa kutumia kingamwili aina ya IgG. Ndugu yangu mmoja alilipia kipimo hicho katika maabara nyingine na kurudi na kurasa zenye rangi nyekundu zilizomkataza mayai, mchele, ndizi na ngano, yaani karibu kila alichokuwa akikila kila siku. Hilo si ajabu. IgG huonyesha kwamba mwili umekutana na chakula, na mara nyingi ni dalili ya kukizoea. Chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya, EAACI, kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba kipimo cha IgG4, aina mojawapo ya IgG, hakifai kutambua mzio wala hali ya kutovumilia chakula, na chama cha Kanada kilitoa onyo kama hilo mwaka 2012. Ninaumia kuona mtu mwenye kipato cha kawaida akitoa fedha nyingi kwa orodha inayomnyima chakula alichonacho shambani.

Huduma niliyoipata ina kasoro, nazo nazisema kwa nia ya kuona zinarekebishwa. Kijitabu nilichopewa kilikuwa cha Kiingereza na vyakula vyake vilikuwa vya nchi nyingine: maziwa ya lozi, kinoa, aina za matunda ambayo hayapatikani Kariakoo wala Buguruni. Mtaalamu alitafsiri kwa mdomo na kuandika kwa kalamu pembeni, lakini mgonjwa akifika nyumbani na kumkabidhi anayepika, maandishi ya pembeni hayatoshi. Muhogo, magimbi, shelisheli, kisamvu na mlenda vinahitaji kuwa kwenye orodha iliyochapwa. Hakuna pia mpango wa mwezi wa Ramadhani, ingawa daku na futari hubadilisha kabisa saa na viwango vya kula, na mteja Mwislamu asipoambiwa aahirishe jaribio mpaka baada ya Idi atapata majibu ya kupotosha. Gharama ya vikao si ndogo, na anayelipa kikao cha kwanza pekee, kama wengi wafanyavyo, hupata ile nusu niliyoitaja. Ingekuwa haki kliniki kuuza huduma hii kwa bei moja inayojumuisha vikao vyote hadi mwisho wa kurudisha.

Sifa kubwa ni ufuatiliaji. Maswali niliyoyatuma kwa WhatsApp yalijibiwa siku hiyo hiyo, picha za pakiti nilizopiga dukani zilisomwa na kujibiwa kwa maelezo badala ya ndiyo au hapana tu, na kikao cha mwisho kilitumika kuandika mlo wangu wa kudumu, wenye vyakula vingi zaidi ya vile nilivyokuwa nikithubutu kula kabla ya kuanza.

Huduma hii haimfai mjamzito au anayenyonyesha bila daktari wake kushirikishwa, mtu aliyepungua uzito bila sababu, anayetoa damu kwenye choo, wala aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula. Hao wanahitaji uchunguzi mwingine kwanza. Asiyemudu kliniki binafsi anaweza kuanza kwa afisa lishe wa halmashauri yake au kitengo cha lishe katika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako atapata angalau tathmini ya awali na rufaa. Popote aendapo, kabla ya kulipa aulize mambo matatu: nitapimwa siliaki kabla ya kuacha ngano? Nitarudishiwa vyakula kwa utaratibu gani na kwa vikao vingapi? Na nikipata dalili za hatari usiku, nimpigie nani?